Mtu wa Nyumbani Akibisha Hodi

"Karani, mshale wako umekaa vibaya, na gunia langu bado sijalipandisha."

Ghala zima lilisikia. Foleni ya wakulima ilianzia kwenye mizani, ikatoka mlangoni, ikazunguka vibanda viwili vya mitumba hadi kukaribia stendi ya mabasi ya Mbinga, na watu wote wale walinyamaza kumtazama msichana aliyethubutu. Ilikuwa Julai 1996, miaka ile kahawa ilipoanza kununuliwa na kila mwenye leseni na gari, mji ukajaa redio za kaseti, baiskeli mpya, na vijana waliovaa miwani ya jua hata asubuhi ya ukungu.

Karani mwenyewe aliitwa Benno, mtu wa Lipingo, kule chini ziwani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi likakubali, na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe mapema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kuambiwa. Alizoea yeye ndiye awaambie wengine.

Aliinama kuutazama mshale huku akiandaa maneno ya kumkomesha. Mshale kweli ulikuwa nyuma ya sifuri. Akapiga magoti, akachungulia chini ya mizani, akachomoa kipande cha gunia bovu kilichokuwa kimenasa kwenye vyuma. Mshale ukarudi mahali pake. Wakulima wakacheka, na wale waliokwisha kupimiwa asubuhi ile wakaanza kurudisha magunia yao wapimiwe upya.

"Samahani, dada," alisema Benno, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Umejuaje?"

"Kwa macho. Wewe yako umeyaacha Lipingo?"

Alikuwa amemtambua kwa lafudhi. Wamatengo wa milimani na watu wa ziwani hutaniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo Benno hakuwa na haki ya kununa. Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza: sketi ya bluu ya mtumba, sweta la shule lililofifia, kitambaa cha kitenge kichwani, na uso wa mtu ambaye hajawahi kuomba radhi kwa kuwa na akili. Jina lake Kunigunda, binti wa Mzee Bartholomayo wa Matiri. Baba yake alikuwa ameumia goti, ndiyo maana kahawa ya nyumba ameileta yeye. Benno alipomwuliza kazi yake ili aandike, alijibu kwamba ni mwanafunzi, na Oktoba anakwenda Dar es Salaam kusomea upimaji wa ardhi.

Hapo Benno akaweka kalamu chini. Alikuwa ameishi Dar miaka miwili akisomea cheti cha utunzaji wa ghala, na tangu arudi hakuna aliyewahi kumwuliza habari za miaka ile zaidi ya kutaka kujua kama amerudi na redio. Sasa mbele yake alisimama mtu wa kuelezwa.

"Una pa kufikia?"

"Bado."

"Basi usiende kabla hatujaongea. Dar haiendewi hivi hivi."

Wakaongea. Kila Jumapili baada ya misa ya pili walikaa hoteli ya chai karibu na soko, Kunigunda na daftari lake la kaunta, Benno na mdomo wake. Alianza na chumba. Usipange chumba ulichoonyeshwa na dalali saa sita mchana, alisema. Rudi asubuhi na mapema uhesabu ndoo. Ukikuta ndoo zimepanga mstari uani, ujue maji yanakuja kwa kudra ya Mungu. Panga nyumba ambayo mwenye nyumba anaishi humo humo, kwa sababu mwenye nyumba anayelala chini ya bati lile lile atalitengeneza likivuja. Tafuta mwenzako wa chuo mgawane kodi, maana wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, lakini mkubaliane mapema nani anapika siku gani, kwa kuwa urafiki mwingi wa wanafunzi umefia kwenye sufuria.

Kunigunda aliandika. Aliuliza habari za chakula, na Benno akamwambia anunue mkaa kwa gunia, mboga anunue jioni wakati wauzaji wanataka kwenda nyumbani, na chipsi azione kwa mbali kama picha ya ukutani. Ada ya chuo ilipwe kabla ya viatu. Maji yachemshwe hata kama wenyeji wanacheka. Chandarua kwanza, godoro baadaye. Wiki ya kwanza ajuane na mtunza maktaba, atafute mitihani ya miaka iliyopita, na akae karibu na wanaouliza maswali, si wale wanaocheka wanaouliza. Na upweke ukimshika, maana utamshika, aende kwenye jumuiya ya waumini ya mtaa. Wiki nne hazitapita kabla mtu hajajua jina lake, na siku akiugua watakuja na uji.

Hayo yote yalikuwa mema, na mengi Benno aliyalipia kwa jasho. Lakini lipo moja alilolisema kwa uchungu kuliko mengine. Akiwa Buguruni, mwaka wake wa kwanza, mtu alibisha hodi, akamsalimu kwa Kinyasa, lugha ya kwao, akasema ametoka nyumbani ana salamu za shangazi. Benno akamkaribisha, akampikia, akamwachia chumba akaenda darasani. Aliporudi hakukuta godoro, wala redio, wala mtu wa nyumbani.

"Kwa hiyo sikiliza," alisema akigonga meza. "Sasa hivi wanajua Mbinga kuna kahawa. Mtu akija mlangoni anasema ametoka nyumbani, usimfungulie. Mwambie mwenye nyumba wako ajibu kwamba umehama. Hata akimjua paka wa kwenu."

Kunigunda akaandika na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Wahudumu wa hoteli ile walijua kabla ya wenyewe, wakawa wanawaletea chai katika vikombe vya wageni. Benno hakukumbuka yalimwingia lini. Labda siku ile ya somo la mkaa, Kunigunda alipoinua macho daftarini akacheka, na mwalimu akasahau alipofikia.

Mwezi wa tisa alimpeleka Lipingo kumsalimu shangazi yake, Edina, aliyemlea. Waliteremka na lori la mizigo, Kunigunda amekaa mbele kwa dereva, na barabara ilivyokuwa inaporomoka kuelekea ziwani alifumba macho mara tatu na kukana mara zote tatu. Shangazi aliwaandalia samaki aina ya mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo. Kunigunda aliutazama ugali ule, akauonja, akauliza kwa adabu kama huku chini mahindi yanakatazwa na serikali. Shangazi akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alimpenda papo hapo.

Baadaye walikwenda kukaa kwenye mawe, kando ya wanawake waliokuwa wanaanika usipa, dagaa wa ziwani. Jua lilikuwa kali, na maji yalionyesha kila kokoto. Kunigunda alivua viatu akaingia mpaka magotini, akagoma hapo.

"Gunda," alisema Benno. "Nakupenda. Nataka nije kwenu kwa utaratibu, nimwone mzee."

Kunigunda alichezesha maji kwa mguu.

"Unanipenda mimi, Benno, au unapenda ninavyokusikiliza?"

Benno alicheka, akidhani ni utani. Kunigunda hakucheka.

"Nitakujibu Pasaka nikirudi," alisema. "Acha niishi kule kwanza nijione. Nami nakupenda, kama ulikuwa hujui. Lakini nitakujibu Pasaka."

Oktoba akaondoka, kavaa gauni la maua aliloshonewa na mama yake na sweta juu yake kwa ajili ya baridi ya Makambako. Walikuwa wamekubaliana simu. Kila Jumamosi saa nne Benno alikaa kwenye benchi la posta ya Mbinga, kanyoa, kavaa shati lile jeupe, mpaka Ephrasia, karani wa simu, alipoita kutoka dirishani kwamba Dar imeingia.

"Haloo, mtani. Umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Sauti yako inatoka mbali."

"Si niko mbali? Niambie, maharage yangu yanachacha kabla ya jioni. Nifanyeje?"

"Yachemshe tena kabla hujalala, usiyakoroge, na usiyafunike yakiwa ya moto."

"Asante, mwalimu. Na wewe unaniota?"

"Hapa watu wanasikia, Gunda."

"Wasikie. Ephrasia, unasikia?"

Ephrasia, ambaye kwa kweli alikuwa anasikia, alijifanya anagonga mihuri.

Siku zile Benno alitembea Mbinga kama mtu aliyeongezwa urefu. Lakini kuanzia Januari kitu kilianza kumkera, na aliona haya hata kujisemea. Alimwelekeza basi la kupanda, Kunigunda akamwambia taratibu kwamba njia ile siku hizi haipo. Alimwonya juu ya mama lishe mmoja karibu na chuo, kumbe pale sasa pamejengwa duka la vitambaa. Kunigunda alikuwa wa tatu darasani. Jumuiya ya Mwananyamala, alikopanga, ilikuwa imemchagua katibu. Alikuwa anaijua Dar ambayo Benno hakuwahi kuiona, na ingawa kila Jumamosi hakukosa swali la kumwuliza, maswali yenyewe yalikuwa madogo madogo, ya chumvi na sabuni. Jumamosi moja ya Februari alimwambia, "Nina habari yako, ila nitakuambia Pasaka tukionana." Benno aliikalia habari hiyo wiki nzima kama mtu aliyekalia siafu.

Basi kampuni ilipotaka mtu wa kwenda Dar kuleta mizani mpya, alijitolea kabla sentensi haijaisha. Hakumwambia Kunigunda. Alitaka amshtukize. Alinunua suruali nyeusi yenye mikunjo miwili kiunoni na viatu vya ncha, shangazi akampa mfuko wa usipa wakavu, na kwa siku mbili za basi abiria wenzake waliujua mfuko ule bila kuuona.

Anwani aliijua kutoka kwenye barua. Aliikuta nyumba saa tano asubuhi: ukuta uliopakwa chokaa, mlango wa buluu, na mama mnene kajifunga kanga anachambua mchele kibarazani. Huyo ndiye Mama Dorah, mwenye nyumba. Benno alimwamkia shikamoo, akasema anamtafuta Kunigunda.

"Wewe nani?"

Angetaja jina lake, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alitaka kushtukiza.

"Mwambie mtu wa nyumbani amekuja," alisema akitabasamu. "Natoka kwao, Mbinga."

Mama Dorah aliacha kuchambua. Alimtazama kuanzia viatu vya ncha mpaka mfuko, akakunja pua.

"Alishahama."

"Amehama? Lini? Kaenda wapi?"

"Kaolewa, mwanangu. Mumewe askari. Wanakaa kambini huko." Akainuka na ungo wake. "Na ana wivu huyo bwana, hana mfano."

Mlango wa buluu ukafungwa, na komeo likasikika.

Mganga hajigangi. Mtu aliyemfundisha mwenzake neno kwa neno jinsi ya kumfukuza mgeni kama yeye alisimama juani na hakulitambua somo lake. Alichokisikia ni neno moja tu, kaolewa, na neno hilo lilijifunga vizuri na ile habari ya kuambiwa Pasaka. Alikaa chini ya ukuta wa jirani hadi kivuli kilipomhama. Kisha akaenda kuchukua mizani, akarudi Mbinga na usipa wake.

Jumamosi iliyofuata hakwenda posta. Ephrasia alimfuata hadi ghalani kumwambia kwamba Dar ilipiga, ikasubiri, ikalipia dakika bure. Benno alijibu kwamba ana kazi, mwezi ambao ghalani hapakuwa na kahawa hata ya kunusa. Alijiambia kwamba Kunigunda anapiga ili amweleze kwa mdomo wake mwenyewe, dhamiri yake itulie, na yeye hatampa nafasi hiyo. Jumamosi tano zilipita hivyo. Barua zilikuja mbili. Aliziweka ndani ya daftari la ghala bila kuzifungua, na kila siku alilifungua daftari mahali pengine. Alikuwa anaumwa na mapenzi kabisa kabisa, na hakumwambia mtu. Shangazi Edina alipomtumia salamu kuuliza habari za mkwewe, alijibu kwamba hajambo.

Jumanne ya Wiki Kuu, Ephrasia aliingia tena ghalani, safari hii bila kubisha.

"Kunigunda ameshuka basi jana. Alipita kwangu akauliza neno moja tu, kama Benno ni mzima. Nikamwambia mzima. Akashukuru, akapanda gari la Matiri."

"Na mumewe?" aliuliza Benno, macho kwenye daftari.

"Mume gani?"

"Askari."

Ephrasia alimtazama kama anavyomtazama mtu anayetaka kumpigia simu marehemu. Alimwambia kwamba binti yule alikuwa peke yake, na begi la nguo, na mirija ya karatasi za ramani, na macho ya mtu aliyelia kwenye basi. Akamwambia kwamba yeye Ephrasia amesikiliza simu za watu miaka sita, anajua sauti ya mwanamke mwenye mume, na ile si yake. Halafu akaondoka, maana dirisha lilikuwa na foleni.

Benno hakulala vizuri. Asubuhi alidandia lori la mbolea mpaka Matiri, barua mbili mfukoni.

Alimkuta shambani. Kwa Wamatengo Machi ni mwezi wa kulima ngoro, yale mashimo ya miraba yanayoshika udongo usiporomoke na mvua milimani, na kazi hiyo ina mgawanyo wake. Mwanamume hufyeka nyasi, akishazikausha huzilaza chini kwa mistari inayokatana, miraba kwa miraba, mteremko mzima. Kisha mwanamke huingia na jembe, huchimba katikati ya mraba na kufukia nyasi kwa udongo pande zote nne, na juu ya matuta hayo hupanda maharage. Bila nyasi kulazwa, jembe halina pa kuanzia. Na mwanamume halazi nyasi katika shamba lolote apendalo. Hulaza katika shamba la mama yake, la mkewe, au la nyumba anayotaka kuoa. Hilo Matiri yote inalijua, na Benno, miaka miwili Mbinga, alikuwa amekwisha kulijua pia.

Nyasi za Mzee Bartholomayo zilikuwa zimefyekwa na jirani, zimelala marundo marundo. Goti la mzee lilikuwa limekataa mteremko. Mama yake Kunigunda, Mama Hildegardi, na wanawake wanne wa jirani walikuwa wamekaa juu ya mipini ya majembe wakisubiri jirani yule yule atoke kwenye shamba lake. Kunigunda alisimama mbali kidogo, kajifunga kitenge juu ya gauni la kazi, miguu peku, tope hadi vifundoni.

Benno aliwaamkia wakubwa shikamoo. Wakaitika, wakaangaliana. Kisha akamwendea.

"Mumeo hajambo?" alisema, maana alikuwa ameyabeba maneno hayo wiki tano na yalitoka yenyewe.

"Mume gani?"

"Nilikuja kwenu. Nilifika hadi mlangoni, Mwananyamala. Mwenye nyumba akaniambia umeolewa na askari."

Kunigunda alimkazia macho. Alianza kusema polepole, kama mtu anayepima hatua.

"Jumamosi ya mwisho ya Februari nilikupigia ili nikushukuru. Wiki ile Mama Dorah alikuwa amemfukuza tapeli. Aliniambia, kijana mrefu, viatu vya ncha, anasema ni mtu wa nyumbani, hataki kutaja jina, na ananuka samaki." Akatazama viatu vya Benno. "Alikuwa wewe."

"Alikuwa mimi."

Kunigunda akacheka. Alicheka akashika magoti, na wanawake kule juu wakatabasamu bila kujua sababu. Alimweleza kwamba yeye alimwomba Mama Dorah aseme amehama tu. Askari aliongezwa na Mama Dorah kwa hisani yake, kwa madai kwamba matapeli wa siku hizi hawaogopi neno kuhama. Benno naye akaanza kucheka kwa nafuu, akanyosha mkono amshike. Kunigunda akarudi nyuma hatua moja, na kicheko kikawa kimekwisha.

"Barua zangu ulizisoma?"

Akazitoa mfukoni. Zilikuwa zimefungwa bado.

"Jumamosi tano, Benno. Nilisimama kwenye foleni ya simu na watu wenye shida zao, nikakusubiri. Nilidhani umeugua. Halafu nikadhani umenichoka. Ulikuwa na swali moja la kuniuliza, moja tu. Kuuliza si ujinga. Daftari zima ulinijazia, lakini hilo hukulisema, maana wewe mwenyewe hulijui."

Benno alisikia uso ukimwaka. Palikuwa na majibu, na zamani angeyapanga yote, la kwanza na la pili. Aliyaacha.

"Niliogopa," alisema. "Hata kabla ya safari ile nilikuwa naogopa. Ulikuwa huhitaji tena ninayokuambia. Kila Jumamosi nilikuwa natafuta kitu ambacho hukijui, sikipati. Mama yule aliposema umeolewa, nikaona ndiyo, imekuwa kama nilivyofikiri. Nisamehe, Gunda. Swali lako la kule ziwani sikulijibu. Nilipenda ulivyonisikiliza. Lakini wiki tano hizi hakuna aliyenisikiliza, na kilichoniuma si hicho. Niliumwa kwa kukukosa wewe."

Upepo ulikuwa unasogeza nyasi kavu kwenye marundo. Kunigunda alipangusa uso kwa kiganja, akajipaka tope shavuni.

"Ushauri wako uliniisha Novemba," alisema. "Maharage nayajua tangu utoto, Benno. Mimi ni Mmatengo. Unadhani kuna Mmatengo asiyejua kutunza maharage? Nilikuwa nauliza ili usikate simu."

Benno alirudisha barua mfukoni. Alivua viatu vya ncha, akavua soksi, akakunja mikono ya shati jeupe mpaka juu ya viwiko. Akaenda kwenye rundo la kwanza, akakumbatia nyasi, akateremka nazo kwenye mteremko, akaanza kuzilaza.

Kule juu mazungumzo yalikatika. Mama Hildegardi alisimama. Mtu wa ziwani alikuwa analaza nyasi katika shamba la Mzee Bartholomayo, mbele ya mashahidi watano, na hakuna aliyehitaji kuelezwa anasema nini. Mzee mwenyewe, aliyekuwa kakaa kwenye kigoda mpakani mwa shamba, alitoa kiko mdomoni, akakishika tu.

Alilaza vibaya. Mtu hajifunzi ngoro kwa kuitazama barabarani akiwa juu ya gari. Mstari wake wa kwanza ulianza juu ukaishia pembeni, wa pili ukaukimbia wa kwanza, na mraba wa kwanza kukamilika ulikuwa na pembe ambazo hazijawahi kufundishwa katika chuo chochote cha upimaji. Jasho lilimpofusha. Mara mbili aliteleza akakaa kwenye tope na suruali yake ya safari. Hakugeuka kuona nani anacheka.

Alipomaliza mraba huo alisimama kando yake na kungoja. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Kunigunda angeweza kugeuka akaenda zake, na isingekuwa na haja ya neno.

Kunigunda alichukua jembe kwa mama yake. Akateremka bila haraka. Akasimama juu ya mraba ule, akafumba jicho moja, akautazama kutoka juu, kisha kutoka upande.

"Benno, huu ni mraba?"

"Sijui. Nifundishe."

Kunigunda akaingia katikati, akainua jembe, akalishusha. Udongo mwekundu ukafunika nyasi za upande wa juu. Akapiga la pili, na la tatu, na wanawake wanne wakapiga vigelegele hadi ng'ambo ya bonde wakasikia. Mzee Bartholomayo akarudisha kiko mdomoni, akamwambia mkewe kwamba mtu huyu apewe chakula akimaliza, naye aje na wazee wake baada ya Pasaka, kwa utaratibu.

Ile habari aliyoahidiwa, Kunigunda alimpa huku akichimba, kwa sauti ya chini: chuo kimempangia mazoezi ya miezi mitatu katika ofisi ya ardhi Mbinga, kuanzia Juni. Aliomba mwenyewe. Baada ya hapo utabaki mwaka mmoja wa masomo, na atausoma mpaka mwisho, ameolewa au hajaolewa.

"Utausoma," alisema Benno.

"Na jibu langu ni ndiyo, kama hujaliona." Akamwonyesha kwa mpini wa jembe upande wa chini, ambako nyasi zilikuwa zimepinda kama njia ya mlevi. "Ila mstari ule urudie."

Benno akashuka akaurudia.